Kikubwa Hutoka Mwanzo: Bomba la Maabara Lililo Nyuma ya Chupa ya Insulini

Katika nyumba nyingi za pwani siku hizi, ukifungua friji utakuta kichupa kidogo cha insulini kimewekwa kando ya tui la jana na juisi ya ukwaju. Huenda ni cha mama, cha babu, au cha mtoto wa shule. Kisukari kimeingia majumbani mwetu, na pamoja nacho yameingia maswali ambayo watu huulizana barazani: Dawa hii ni safi kweli? Ni kweli kwamba hutolewa kwa nguruwe? Na umeme ukikatika siku mbili, joto letu hili likaipiga, bado yafaa kutumiwa?

Maswali haya matatu yana jambo moja linaloyaunganisha, nalo ni kazi ya maabara ambayo ni nadra kuandikwa kwa Kiswahili: kutenganisha molekuli kubwa kwa kutazama ukubwa wake, kwa kuzipitisha ndani ya bomba lililojazwa vishanga vidogo vidogo. Wataalamu huiita kromatografia. Jina ni zito lakini kazi yenyewe yaeleweka, na sisi tuliosomea mambo ya maabara kwa diploma tuna deni la kuieleza kwa lugha ya nyumbani.

Ukubwa wa visivyoonekana

Tuanze na vipimo. Ukubwa wa molekuli hupimwa kwa daltoni, na chembe moja ya haidrojeni ni takriban daltoni 1. Molekuli ya maji ni 18. Glukosi, ile sukari inayopimwa kwa kuchomwa kidole, ni 180. Insulini ni kama 5,800. Himoglobini, inayoipa damu wekundu wake, ni kama 64,500. Kingamwili ya kawaida katika damu hufika 150,000.

Hizo kubwa, yaani protini, ndizo zinazoleta tabu. Ukitaka kutenganisha chumvi na maji, utachemsha maji yapae na chumvi ibaki. Protini huwezi kuifanyia hivyo, kwa sababu moto huiharibu. Tazama ute wa yai unavyogeuka mweupe na mgumu kikaangoni: ile ni protini iliyokunjuka ikashikana, na hata ukiipoza hairudi ilivyokuwa. Kwa hiyo wanaotengeneza dawa za protini walihitaji njia ya upole, isiyo na moto wala kemikali kali.

Mtu atasema basi na tuchuje. Lakini kuchuja tunakokujua sisi ni kwa kifumbu: nazi iliyokunwa hutiwa ndani, ikakamuliwa, tui likashuka na chicha ikabaki. Kifumbu hugawa mambo mawili tu, kilichopita na kilichobaki. Hakiwezi kukupangia vitu kumi vya ukubwa tofauti kwa foleni, kila kimoja kitoke kwa zamu yake. Bomba la vishanga laweza.

Mkokoteni, punda na mtoto

Chukua bomba la kioo, lisimamishe wima, chini lina kitu cha kuzuia vishanga visitoke. Lijaze vishanga vya jeli vilivyolowa maji, vidogo sana, ukiviona kwa macho ni kama unga wa mchanga. Kila kishanga ni kama sifongo, kina vijishimo na njia za ndani. Juu ya bomba unamwaga kiasi kidogo cha mchanganyiko wako, kisha unafuatisha maji ya chumvi yaliyopimwa uchachu wake, yateremke polepole. Chini unakinga matone katika vichupa, kimoja baada ya kingine.

Sasa kipi kitatangulia kutoka? Wengi wetu tungesema vile vidogo, kwa kuwa ndivyo vyepesi na hupenya kokote. Ukweli ni kinyume chake. Kikubwa hutoka mwanzo na kidogo hutoka mwisho.

Ili uelewe sababu, ifikirie mitaa ya Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa. Tuseme mkokoteni uliojaa madumu ya maji, punda na mtoto mdogo wote wanatoka upande mmoja wa mji kwenda upande wa pili. Mkokoteni hauingii vichochoroni, hauna budi kufuata njia kubwa, na kwa hiyo hufika haraka. Punda huingia baadhi ya vichochoro na vingine vikamshinda. Mtoto naye huingia kila uchochoro, akapita uani kwa watu, akatoka, akaingia mwingine. Hakuna aliyemkamata wala kumfungia njia. Ni kwamba tu safari yake imekuwa ndefu, naye ndiye atakayefika wa mwisho.

Ndani ya bomba, njia kubwa ni nafasi iliyo kati ya kishanga na kishanga. Vichochoro ni vijishimo vya ndani ya kila kishanga. Molekuli isiyoweza kuingia shimoni hushuka na maji moja kwa moja. Molekuli ndogo hupotea ndani ya kishanga, ikatoka, ikaingia kingine, hivyo hivyo mpaka chini. Wastani huangukia katikati.

Hapa ndipo penye upole niliousema. Katika kromatografia za namna nyingine, kitu hunaswa na vishanga kwanza, kisha hubanduliwa kwa chumvi nyingi au kwa kubadilisha uchachu. Hii ya ukubwa hainasi kitu, ikifanywa sawasawa. Protini huingia ikiwa hai na hutoka ikiwa hai.

Hesabu yake

Tuweke tarakimu kidogo ili tusibaki na mifano ya mitaani peke yake. Chukua bomba lenye vishanga vilivyojaza mililita 100. Nafasi iliyo nje ya vishanga huwa ni kama thuluthi moja ya hizo, tuseme mililita 30 hadi 35. Kwa hiyo molekuli kubwa kabisa, isiyoingia kishanga chochote, itaanza kuonekana chini baada ya mililita 30 na ushei za maji kupita. Maji yaliyo ndani ya vishanga huchukua sehemu kubwa ya kilichobaki, na kwa hiyo chumvi na vitu vidogo kabisa vitatoka zikikaribia kupita mililita 100 zote. Kila kitu kingine lazima kitoke kati ya mipaka hiyo miwili.

Fundi wa maabara hupitisha kwanza protini ambazo ukubwa wake unajulikana, akaandika kila moja imetoka kwenye mililita ya ngapi. Akimaliza amepata kipimo chake. Akipitisha kitu asichokijua, akakiona kimetoka baina ya himoglobini na insulini, anajua ukubwa wake uko baina ya hizo mbili. Kutoka kwake hutambuliwa kwa kifaa kinachomulika maji yanayotoka kwa mwanga wa urujuanimno, mwanga ambao protini hufyonza hata kama haina rangi. Kila protini ikipita, mchoro hupanda ukawa kilima, kisha ukashuka.

Shuleni jambo hili laweza kuonyeshwa bila hata kifaa hicho. Changanya himoglobini na vitamini B12, ambayo ni nyekundu ya waridi na ina daltoni 1,355 tu. Mchanganyiko unaingia ukiwa rangi moja. Ukiteremka, wajitenga mbele ya macho ya wanafunzi: himoglobini ya hudhurungi inatangulia, waridi wa B12 unafuata nyuma. Mwanafunzi aliyeliona hili kwa macho hahitaji kulikariri.

Njia hii ina mipaka yake. Kwanza, ni ya polepole. Ukiharakisha maji, vilima vyachanganyikana. Hapa maneno ya wazee kwamba haraka haraka haina baraka ni sheria ya maabara. Pili, mchanganyiko unaotiwa lazima uwe kidogo, mara nyingi asilimia chache tu ya ujazo wa vishanga, ikiwa wataka vitengane vizuri. Tatu, vitu viwili vilivyokaribiana ukubwa havitaachana. Kwa kawaida kimoja kinapaswa kuwa karibu mara mbili ya kingine. Nne, umbo nalo lina neno lake: protini ndefu kama ufito hutoka mapema kuliko protini ya mviringo yenye uzito uleule. Kwa sababu hizi, viwandani bomba hili mara nyingi huwekwa mwishoni, baada ya njia nyingine kuondoa uchafu mwingi.

Lilikotoka

Wazee husema usione vyaelea, vimeundwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mrusi Mikhail Tsvet, akifanya kazi Warsaw, alitenganisha rangi za majani ya mimea kwa kuzipitisha ndani ya bomba lililojaa unga wa chokaa. Jina kromatografia, lenye maana ya kuandika kwa rangi, lilitoka kwake.

Kupanga kwa ukubwa kulikuja baadaye. Mwaka 1956, Lathe na Ruthven, waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali ya wazazi ya Queen Charlotte's huko London, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba bomba lililojazwa wanga uliovimba majini laweza kupanga molekuli kwa ukubwa. Naam, wanga tu, jamaa ya uji. Tatizo ni kwamba wanga ni laini, na maji hupita kwa shida.

Mwaka 1959 Jerker Porath na Per Flodin wa Uppsala, Sweden, wakaja na kitu bora. Palikuwa na kitu kiitwacho dekstrani, minyororo mirefu ya sukari inayotengenezwa na bakteria wanaokula sukari ya kawaida. Kampuni ya Pharmacia ilikuwa tayari ikiitengeneza ili itumike badala ya maji ya damu kwa waliopoteza damu nyingi. Porath na Flodin waliifunga minyororo ile kwa vifungo vya kemikali ikawa wavu usioyeyuka. Vifungo vikiwa vingi, vijishimo huwa vidogo. Vikiwa vichache, vijishimo huwa vikubwa. Vishanga hivyo viliuzwa kwa jina Sephadex, na maabara za dunia nzima zikavichukua.

Huko huko Uppsala, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Stellan Hjertén alifanikiwa kutoa agarosi kutoka katika agari ya mwani mwekundu. Jeli ya agarosi ina vijishimo vipana, vya kupitishia molekuli kubwa zaidi, hata virusi. Sisi watu wa Kwale tunaoujua mwani tusikose kutofautisha: mwani unaolimwa Kibuyuni na vijiji jirani hutoa karajinani, inayotumiwa kuvipa uzito vyakula na dawa za meno, agari hutoka kwa jamii nyingine za mwani mwekundu. Hata hivyo ukoo ni mmoja, na yafaa mkulima ajue kwamba katika maabara kubwa za dawa kuna mabomba yaliyojaa kitu kilichoanzia baharini.

Insulini ilivyosafishwa

Turudi kwenye kichupa chetu. Mwezi Januari 1922, huko Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa akidhoofika kwa kisukari, alidungwa maji yaliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Sukari ilishuka kidogo tu, na pale alipodungwa pakafanya jipu. Dawa ilikuwamo, lakini uchafu ulikuwa mwingi. Wakasimamisha. James Collip akakesha na kazi ya kuisafisha kwa alkoholi, na tarehe 23 mwezi huo huo kijana akadungwa tena. Safari hii sukari ilishuka vizuri. Tofauti kati ya sindano ya kwanza na ya pili ilikuwa usafi.

Kwa miaka mingi baada ya hapo insulini ilitolewa kwenye makongosho ya ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni. Ilionekana safi, lakini haikuwa safi kama ilivyodhaniwa. Mwaka 1967 Donald Steiner wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha kwamba mwili hutengeneza kwanza molekuli kubwa zaidi, proinsulini yenye daltoni kama 9,000, kisha huikata iwe insulini. Ilipopitishwa insulini ya kiwandani katika bomba la vishanga, vilima vilivyotangulia vikafichua siri: mlikuwamo proinsulini na vitu vingine vikubwa kuliko insulini. Kwa baadhi ya wagonjwa vitu hivyo viliamsha kinga ya mwili, ngozi ikavimba au ikabonyea pale panapodungwa. Katika miaka ya 1970 viwanda vilianza kuipitisha insulini kwenye mabomba haya na kukusanya kilima kimoja tu, kile cha insulini yenyewe. Bomba lililofichua uchafu ndilo lililosaidia kuuondoa.

Kuhusu nguruwe, jibu ni hili. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini ya kwanza yenye umbo la insulini ya binadamu, iliyotengenezwa na bakteria waliopewa maelekezo ya kuiunda. Baadaye ikaja inayotengenezwa kwa hamira, jamii ileile inayoumua mahamri yetu. Insulini zilizo nyingi sokoni leo ni za namna hizi mbili, hazitoki kwa mnyama. Mwenye shaka amuulize mfamasia na asome karatasi iliyomo katika paketi. Hukumu za sheria twawaachia masheikh. Langu ni kueleza kilichomo chupani.

Joto letu na mabonge

Sasa swali la tatu, ambalo kwetu pwani ndilo zito. Insulini ikipigwa na joto, molekuli zake huanza kukunjuka na kushikana zikawa mabonge. Mabonge hayo hayafanyi kazi ya kushusha sukari, na yaweza kuuchokoza mwili. Kuyaona kwa macho yakiwa machache haiwezekani. Katika maabara huonekana kwa bomba lile lile: bonge ni kubwa, kwa hiyo hutoka mwanzo, kabla ya insulini nzima. Kilima kikiinuka mahali ambapo hapakutarajiwa kitu, dawa ina kasoro. Ndiyo sababu vitabu vya viwango vya dawa vinadai kipimo hiki kwa insulini, na vikaweka asilimia ya mwisho ya vitu vikubwa inayokubaliwa.

Kuna habari njema iliyotokana na nchi yetu wenyewe. Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la ndani ya nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, wakalikuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva waliiweka insulini katika joto kama hilo kwa wiki nne, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia 1, sawa na iliyokaa kwenye baridi. Kwa mgonjwa asiye na friji, hili ni jambo kubwa. Maana yake ni kwamba kukosa friji si sababu ya kunyimwa insulini wala ya kuacha kuitumia.

Lakini tusilisome kupita mpaka wake. Kipimo kilikuwa wiki nne, na joto lilikuwa linashuka usiku. Hakikuwa kipimo cha chupa iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa juani, ambamo joto hupita nyuzi 37 kwa mbali, wala cha chupa iliyokaa miezi kwenye rafu ya duka lisilo na friji.

Kwa hiyo mambo ya kushika ni haya. Chupa ambayo haijafunguliwa ikae penye nyuzi 2 hadi 8, na isiguse barafu kamwe, kwa kuwa kuganda huiharibu kama moto. Iliyoganda itupwe hata ikishayeyuka. Iliyofunguliwa, fuata karatasi yake. Nyingi huruhusiwa kama wiki nne nje ya friji mahali pa kivuli. Asiye na friji aiweke ndani ya chombo kikavu katika mtungi wa udongo ulioloweshwa nje, penye upepo. Maji yakipaa mtungi hupoa, kama yanavyopoa maji ya kunywa. Safarini usiiweke mbele ya kioo cha gari wala katika mzigo juu ya basi. Insulini inayopaswa kuwa angavu ikiwa na ukungu au nyuzinyuzi, usidunge. Ile inayopaswa kuwa na ukungu ikibaki na mabonge baada ya kuviringishwa viganjani, nayo usidunge. Na sukari ikipanda bila sababu ilhali chakula na dozi ni vilevile, peleka chupa yako pamoja nawe hospitalini, usiongeze dozi kwa kukisia.

Tena nunua kwenye duka la dawa lenye leseni, na usione haya kuuliza friji iko wapi. Bei nafuu ya mtu anayeuza kutoka mfukoni haikuambii kichupa kile kimepitia jua la wapi. Wewe na mimi hatuna bomba la vishanga nyumbani la kutuonyesha kilima kilichotangulia. Viwanda vimelipitisha insulini yetu katika bomba hilo ikatoka safi, na kuanzia dukani mpaka kwenye sindano, usafi huo uko mikononi mwetu.